Kanga, Kitenge au Batiki? Ulinganisho kwa Mpenzi wa Rangi Kali na Nakshi Kubwa Mjini Tanga

Binti wa kaka yangu alinipigia simu akiwa dukani Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo watu wa Tanga huzitambua kwa nambari. Mezani mbele yake palikuwa na doti ya kanga yenye korosho kubwa za samawati juu ya rangi ya damu ya mzee, na pembeni yake kitenge cha rangi ya chungwa na buluu chenye maduara makubwa kama santuri. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa ameonyeshwa pia batiki ya zambarau na mama mmoja anayetia rangi vitambaa uani kwake. Alitaka nguo ya harusi ambayo baadaye angeweza kuivaa kazini, pamoja na mkoba wa kuandamana nayo. "Shangazi, nichukue kipi?" akauliza, na nikasikia muuzaji akimjibu kwa niaba yangu kwamba vyote vimempendeza.

Sikumuuliza anapenda rangi gani, kwa sababu mtu mwenye macho yake hahitaji kufundishwa rangi anayoipenda. Nilimuuliza kama kitambaa atakachokinunua kitapita kwenye mkasi au hakitapita. Nakshi ndogo, kama vidoa au maua madogo, hustahimili kukatwa popote na hakuna atakayejua. Nakshi kubwa ni picha, na picha ina mahali inapoanzia na mahali inapoishia. Vitambaa hivi vitatu hutofautiana zaidi katika jambo hili kuliko katika rangi zake.

Kanga: picha iliyokwisha kupangwa

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana ambavyo havijatenganishwa, kila kimoja kikiwa na urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Kila kipande kimekamilika chenyewe: pindo limezunguka pande zote nne, mji, yaani mchoro wa ndani, uko katikati, na jina, yaani yale maneno, limekaa juu kidogo ya pindo la upande mmoja mrefu. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani, mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa wakiunganisha leso kadhaa kupata nguo moja kubwa kabla wafanyabiashara hawajaanza kuagiza kitambaa kilichochapwa kizima. Ukiitazama kanga ya leo bado unaweza kuiona hiyo leso ndani yake, kwa sababu ina fremu, ina kitovu, na pande zake zinajuana.

Aliyeichora kanga, kwa hiyo, alikwisha kuamua kila kitu kikae wapi, na aliamua hivyo akijua kwamba itavaliwa nzima, moja kiunoni na nyingine kichwani au mabegani. Ukiivaa namna hiyo, kazi yote ya ubunifu imefanywa na mwingine, nawe unabaki na jukumu la kuchagua jina lisilokuletea ugomvi na jirani. Ukiipeleka kwa fundi aikate gauni lenye kiuno na mikono ya kupachika, unaivunja picha. Nilikwenda shughuli moja nikakaa nyuma ya mama aliyeshona gauni la kubana kwa kanga yenye methali ya "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki". Maneno mawili ya mwanzo yalikuwa yameliwa na mshono wa ubavuni, na mgongoni pake palibaki pameandikwa "dhiki ndiye rafiki". Hakuna aliyemwambia, na mimi pia sikumwambia.

Mkasi unaoifaa kanga ni ule unaokata kidogo sana. Dera lililoshonwa kwa vipande viwili vya doti, kimoja mbele na kimoja nyuma, likatobolewa shingo na kufungwa ubavuni kwa mishono iliyonyooka, huliacha pindo likishuka pande zote na jina likitembea juu ya miguu bila kuguswa. Pengine ndiyo maana mshono huo haujachosha watu wa pwani.

Katika rangi, kanga ina nidhamu ambayo mpenda rangi anaweza kujifunza kwayo. Kanga nyingi hutumia rangi chache tu, mbili au tatu au nne, zilizowekwa bega kwa bega bila kuchanganywa, na ndiyo maana huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Mfano mzuri kuliko yote ni kisutu, ambacho kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe peke yake kimekuwa kikisimama mbele ya rangi zote nyingine katika harusi za pwani kwa miaka mingi. Anayedhani kwamba nguo kali ni lazima iwe na rangi tisa na akitazame kisutu.

Upungufu wa kanga uko kwenye uzito wake. Nyingi ni nyepesi, na zikiwa mpya hutiwa wanga mwingi unaozifanya zionekane nene kuliko zilivyo. Kabla ya kulipa, shika pembe moja uisugue kwa nguvu kati ya vidole, kisha uinue kitambaa kuelekea mwanga wa mlangoni. Ikiwa unga mweupe umebaki vidoleni na sasa unayaona magari yakipita nyuma ya kitambaa, utahitaji kuvaa kitu ndani yake, hasa mchana wa Tanga ambapo jua halina siri.

Kitenge: mchoro usio na mwisho

Kitenge ni kinyume cha kanga. Hakina fremu wala kitovu, kwa kuwa mchoro wake hujirudia kutoka mwanzo wa jora hadi mwisho, na kilikusudiwa kukatwa. Asili ya vitenge vya nta ni batiki za Java, ambazo viwanda vya Ulaya vilijaribu kuziiga kwa mashine katika karne ya 19. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond nchini Uholanzi, bado inatengeneza vitambaa vya namna hiyo na kuviuza zaidi Afrika Magharibi na ya Kati. Katika kitenge cha nta halisi, utomvu ulioyeyushwa huchapwa pande zote mbili za kitambaa kabla ya kutiwa rangi ili zile sehemu zilizofunikwa zisinywe rangi. Kwa sababu hiyo, ukikigeuza, upande wa pili unang'aa sawasawa na wa kwanza, na utaona mishipa myembamba ya rangi mahali ambapo utomvu ulipasuka. Vitenge vingi vya bei nafuu vimechapwa upande mmoja tu. Hilo si kosa kwa gauni, kwa kuwa ndani hakuonekani, lakini ni hasara kwa kilemba, kwa mtandio, na kwa mshono wowote wenye marinda yanayofunguka.

Kuhusu pamba, usiliamini neno la mdomo. Chomoa nyuzi mbili ukingoni, kwa idhini ya mwenye duka, uziwashe kwa kiberiti nje ya mlango. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Uzi wa plastiki husinyaa, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu. Kwa anayeishi karibu na bahari, ambako jasho halikauki upesi, kijidonge hicho ni sababu ya kutosha ya kurudisha kitambaa rafuni hata kama rangi yake imekuteka.

Nakshi kubwa ya kitenge inadai hesabu. Gauni refu la mwanamke wa wastani laweza kutoka katika yadi 4 ikiwa mchoro ni mdogo, kwa kuwa fundi anakata popote panapomfaa. Mchoro ukiwa na duara la ukubwa wa sahani, fundi anayejua kazi atataka maduara ya kipande cha kushoto yakutane na ya kulia kwenye mshono, na ili yakutane itambidi atupe sehemu ya kitambaa kila anapokata. Kwa mchoro wa namna hiyo mimi hununua yadi 6, ambazo ni kama mita 5 na nusu, na mabaki hayapotei kama tutakavyoona kwenye mikoba.

Hesabu hiyo nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kitenge chenye ndege wakubwa wa kijani, kila ndege akiwa na urefu wa kiganja na nusu, nikachukua yadi 3 na nusu kwa kubana matumizi. Fundi alikitandaza mezani, akakivuta huku na huku, akauliza, "Mama, ndege hawa niwaweke wapi?" Nikamjibu kwa haraka awaweke atakavyoona. Gauni liliporudi, kichwa cha ndege mmoja kilikuwa juu ya titi la kulia, mwingine alikuwa amekatwa shingo kwenye kiuno, na wa tatu, aliye mzima peke yake, alikuwa amekalia mahali ambapo na mimi nakalia. Nilimnung'unikia fundi wiki nzima, lakini ukweli ni kwamba aliniuliza swali sahihi na mimi nikakosa kulijibu, na kwa kitambaa nilichompa hakuwa na nafasi ya kuwapanga upya hata kama angetaka.

Tangu siku hiyo, mtu akinunua nakshi kubwa humshauri achague mshono wenye vipande vichache: gauni lililonyooka, sketi ya kuzunguka bila marinda madogo, koti refu lisilo na kola. Wabunifu wa mbali nao walifikia hapo. Maua makubwa ya Unikko, yaliyochorwa na Maija Isola mwaka 1964 kwa ajili ya kampuni ya Marimekko ya Ufini, hupendeza zaidi kwenye magauni yaliyonyooka kama gunia kuliko kwenye mshono wa kubana. Kinachovutia hapo ni ua, na gauni hukaa pembeni likaliacha ua lizungumze.

Jambo moja la kienyeji lisisahauliwe. Tanga ni mji wa tambarare na wa baiskeli, na sketi pana ya yadi 6 ni adui wa mnyororo. Anayekwenda kazini kwa baiskeli afikirie urefu wa pindo kabla ya kufikiria rangi yake.

Batiki: nguo isiyo na pacha

Batiki ya mikono inayotiwa rangi majumbani haina ukamilifu wa kanga wala mpangilio wa kitenge. Mtengenezaji huyeyusha nta, huigonga kwenye kitambaa kwa kipande cha mti au sifongo kilichochongwa, kisha hutumbukiza kitambaa kwenye karai la rangi iliyochanganywa na kostiki soda na dawa nyingine. Niliwahi kusimama pembeni ya karai kama hilo, na kilichonishangaza ni kwamba kitambaa hutoka na rangi moja na kubadilika taratibu mbele ya macho yako kikipigwa na hewa, hadi mwenyewe aridhike na kusema basi. Baada ya hapo nta huondolewa kwa maji ya moto.

Kwa mtu anayechukia kukutana na gauni lake kwa mwenzake, batiki haina mpinzani, kwa sababu hata mama yule yule hawezi kuirudia sawasawa. Kwa mkasi pia ni mpole: mchoro wake hauna mstari mkali wa kulinganisha, hivyo mshono usiokutana vizuri huonekana kama sehemu ya mchezo. Hasara yake ni upande wa pili wa sifa hiyo hiyo. Kitambaa kikipunguka huwezi kurudi kununua yadi moja zaidi, na kwa sare ya harusi ya watu 20 utapata zambarau 20 zisizofanana. Kwa sare, chukua kitenge au kanga bila kusita. Rangi ya ziada ya batiki hutoka katika ufuaji wa kwanza, basi ifue peke yake, tena ifuliwe kabla ya kushonwa ili kama kitambaa kitaruka, kiruke kabla fundi hajakipima.

Rangi yenyewe

Nilimwambia binti wa kaka yangu avitoe vitambaa vyote viwili nje ya duka. Taa nyeupe za dukani huidanganya rangi. Buluu huonekana baridi kuliko ilivyo, na damu ya mzee hugeuka kuwa hudhurungi. Avitazame kwanza mlangoni juani, kisha kivulini, kisha amwombe mtu akishike kitambaa hatua kumi mbele yake. Hatua kumi ndizo zinazofichua. Nakshi iliyojaa vitone vya nyekundu na kijani vilivyobanana, ambayo ukiwa karibu inametameta, kwa mbali huchanganyika na kuwa tope. Korosho kubwa na maduara makubwa hubaki vile vile.

Kuna wanaosema kwamba mtu mweusi sana asivae manjano au chungwa, na kwamba rangi kali ni za watu wa maji ya kunde. Sikubaliani nao hata kidogo. Manjano juu ya ngozi nyeusi ni miongoni mwa vitu vizuri vinavyoonekana katika mji huu, na ushauri wa kuwaficha watu weusi ndani ya kijivu ulitoka kwa watu wasiotazama. Ninachokubali ni kwamba jua la pwani linakula rangi, na kwamba buluu nzito na nyekundu huonyesha uchovu mapema. Zigeuze ndani nje na kuzianika kivulini.

Mikoba, na vingine kwa kifupi

Mkoba ndio mahali ambapo wapenda nakshi wengi huharibu kazi nzuri. Chaguo za hapa ni tatu. Mkoba wa ukindu hutengenezwa kwa majani machanga ya mkindu yaliyokaushwa, yakachemshwa na rangi, yakasukwa kuwa ukili mrefu, na ukili huo ukashonwa mzunguko juu ya mzunguko. Kwa kuwa ni kazi ya kusuka, nakshi yake huwa ya mistari na pembe, na hapo ndipo unapokubaliana na kanga, ambayo korosho na maua yake ni ya mikunjo. Mikunjo na pembe havigombani, ilhali mikunjo miwili ya asili mbalimbali hugombana. Chagua wenye rangi mbili, na moja kati yake iwe imo ndani ya nguo.

Mkoba wa katani ni mzito na hudumu, na kwa Tanga una haki ya pekee. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliletwa huku mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani aliyeagiza miche kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa karibu na Pangani, na kutokana nayo yakaenea mashamba yale ya kijani kilichopauka unayoyaona ukielekea Korogwe. Rangi ya asili ya katani, ambayo ni nyeupe ya maziwa yaliyokaa, hutuliza kitenge cha rangi nyingi kuliko mkoba wowote wa kutiwa rangi. Tahadhari yake ni kwamba nyuzi zake huchoma, na ukiuning'iniza begani juu ya kanga nyepesi utavuta nyuzi za kanga kabla mwaka haujaisha. Pitisha nyuma ya kiganja juu ya mkoba. Ukikuwasha wewe, utaikwaruza na nguo.

Mkoba wa mabaki ya kitenge, ulioimarishwa ndani kwa kitambaa kigumu na kutiwa zipu, ni mzuri mno ukibebwa na gauni la rangi moja. Kuubeba pamoja na gauni la kitenge kile kile ni desturi iliyoenea na najua nitapingwa, lakini mimi huona mkono umemezwa na gauni na mkoba umetoweka. Anayetaka vifanane afananishe kilemba na mkoba, aiache nguo iwe tofauti.

Miguuni, makubadhi ya ngozi yanafaa kwa vyote vitatu na hayahitaji mjadala. Hereni ziwe za shanga au za kifuu, zisiwe kubwa kuliko duara kubwa la nguo. Na kwa wanaume, shati la kitenge lipimwe kwa mfuko wake: fundi aliyeupachika mfuko wa kifuani hadi mchoro ukapita juu yake bila kukatika ni fundi wa kurudiwa.

Binti wa kaka yangu alivitoa vitambaa nje, akarudi ndani, akanipigia tena. Mimi nilikuwa nimeegemea kitenge cha santuri, yadi 6, gauni la kunyooka, na mkoba wa katani usio na rangi. Yeye alichukua kanga. Alisema kwamba harusini ataivaa nzima, moja kiunoni na moja mabegani, juu ya gauni jeupe alilo nalo, na kwamba kazini atajitanda ile moja ya juu tu, kwa hiyo hakuna haja ya fundi wala yadi za kutupa. Nikamuuliza kuhusu mkoba. Akasema ameuona wa ukindu, wa samawati na rangi ya majani makavu, ila mpini mmoja umelegea, na tayari anabishana na mwenye duka amkatie bei au aushone upya mbele yake.